Thessaloniki kwa Miguu: Kutoka Bandarini Hadi Mji wa Juu

Watu wengi hapa Kisumu wanaifahamu Thessaloniki kupitia nyaraka mbili ambazo Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, na tangu niliporejea kutoka Ugiriki waumini wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama niliiona nyumba ya Yasoni, yule aliyempokea Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Sikuiona. Anachokutana nacho zaidi mtu anayetembea mjini humo ni historia ya karibu na yenye machungu, nayo husomeka vizuri ukianzia baharini na kupanda mlima.

Mji huo ulianzishwa mwaka 315 kabla ya Kristo na Cassander, mtawala wa Makedonia, aliyeupa jina la mkewe, dada wa kambo wa Alexander Mkuu. Bandari yetu, iliyofikiwa na reli mwaka 1901, ni mtoto mchanga mbele yake. Gati la kwanza la Thessaloniki limeachwa wazi kwa umma: maghala ya zamani yamegeuzwa kuwa makumbusho ya picha na ya sinema, vijana huketi ukingoni miguu ikining'inia juu ya maji, na hakuna askari anayewauliza wanatafuta nini. Natamani siku moja nasi tuweze kuyafikia maji pale bandarini kwa urahisi huo, bila kulazimika kwenda hadi ufukwe wa Dunga.

Ladadika, mtaa uliokuwa wa maghala ya mafuta ya zeituni, sasa umejaa mikahawa, na unaweza kuupita haraka. Ukifika Uwanja wa Aristotelous, mitaa hunyooka ghafla, na sababu yake ni moto. Mnamo Agosti 1917 moto ulizuka katika nyumba moja upande wa juu, upepo ukausukuma hadi ufukweni, na watu zaidi ya 70,000 wakakosa makao. Mbunifu Mfaransa, Ernest Hébrard, ndiye aliyeongoza kazi ya kuchora upya ramani ya katikati ya mji.

Wengi wa waliounguliwa walikuwa Wayahudi, wazao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, ambao nguvu yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba bandari yenyewe ilifungwa siku ya Sabato. Mwaka 1943 Wajerumani waliwasafirisha zaidi ya 40,000 kwa treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz, na karibu wote waliuawa. Chuo Kikuu cha Aristotle kimeenea juu ya makaburi yao ya kale. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa pale mwaka 2014 tu, na wanafunzi niliowaona walikuwa wakiupita wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi. Siwalaumu, ila miaka zaidi ya 70 ni mingi mno kwa jambo la uzito huo.

Karibu na hapo kuna Rotunda, jengo la duara la Kaisari Galerius lililosimamishwa mwanzoni mwa karne ya 4, lenye kuta zenye unene wa zaidi ya mita 6. Limewahi kuwa kanisa, kisha msikiti, kisha kanisa tena, na mnara wake wa adhana bado umesimama uani. Ukiinua macho ndani, utaona vipande vidogo vya dhahabu vya mosaiki vikimetameta, na katikati yake mabaka matupu ya tofali pale vilipobanduka.

Kutoka hapo panda hadi Ano Poli, mji wa juu, ambao sehemu yake kubwa moto haukuifikia. Huko vichochoro bado vinajikunja, vibaraza vya mbao vimejitokeza juu ya njia, na hewa ikiwa safi mlima Olympus huonekana ng'ambo ya ghuba. Kileleni kuna ngome ya Eptapyrgio, iliyotumiwa kama gereza hadi mwaka 1989. Mwenye magoti yanayomsumbua anaweza kupanda basi hadi ngomeni kisha ashuke kwa miguu, ingawa atakuwa ameusoma mji kuanzia ukurasa wa mwisho.