Nilivyovuka Ukomo wa Hedhi Katika Baridi ya Iringa

Wanawake wa Dar es Salaam wanaweza kusingizia hali ya hewa kwa muda mrefu kabla ya kukubali kwamba hedhi yao inaelekea kukoma, lakini mimi ninaishi Iringa, mji ulio juu kwa zaidi ya mita 1,500, ambako mwezi wa Julai walimu hufundisha wakiwa na sweta na mitandio shingoni. Mwalimu anayefungua madirisha ya ofisi asubuhi katika baridi hiyo, huku jasho likimtiririka mgongoni, hana pa kujificha. Nilikuwa na miaka 48, hedhi ilikuwa imeanza kuruka miezi, na kila aliyeniona nikijipepea kwa daftari la mahudhurio alikuwa na dawa ya kunipa.

Dawa hizo zilinichosha kuliko joto lenyewe. Mmoja aliniagiza ninywe chai ya tangawizi na pilipili manga ikiwa bado inachemka, kwa hoja kwamba joto hutolewa kwa joto. Mwingine aliniletea unga wa kusafisha kizazi, wa bei ya kuku wawili wa kienyeji, akiahidi kwamba ungenirudishia hedhi, kana kwamba nilikuwa nimemwambia naililia.

Anayestahili aya nzima, hata hivyo, ni shoga yangu mmoja, muumini mkubwa wa vitu vya asili, aliyenisisitizia ninywe unga wa soya uliokorogwa katika maji baridi, kwa sababu moto, kwa maelezo yake, huua nguvu ya soya. Nilikunywa bilauri nzima alfajiri, nikaenda kusimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Tumbo lilianza kuunguruma kwa staha, kisha likaacha staha, hadi mwanafunzi wa dawati la nyuma akageuka kutazama mawingu dirishani, ingawa Iringa hainyeshi mvua Julai. Nilimwachia chumba msimamizi mwenzangu kwa ishara ya mkono tu, kwa maana sikuthubutu kusimama kuongea. Mwalimu wa baiolojia alinieleza baadaye, akijifuta machozi ya kicheko, kwamba soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, na kwamba kazi ya moto ni kuviharibu. Soya sikuiacha, nailoweka usiku, naichemsha hadi iive kabisa, naiunga kama maharage. Ina isoflavoni, kemikali za mimea zinazofanana kidogo na estrojeni, yaani homoni ambayo mwili huanza kuipunguza katika umri huu, na wapo wanaopata nafuu kidogo kwa kuila. Mimi sikuona tofauti ya kutangaza, lakini ni protini nzuri na haimalizi mshahara.

Hospitali nilikwenda mapema, kwa kuwa tezi ya shingoni ikizidisha kazi yake huleta jasho na mapigo ya moyo yanayofanana sana na haya. Nilipoambiwa tezi ni nzima na shinikizo la damu liko sawa, nilianza upelelezi wangu. Nyuma ya daftari la maandalio nilichora safu, na kila joto liliponipanda niliandika herufi ya kilichotangulia: C kwa chai, P kwa pilipili, K kwa kikao. Mwalimu wa taaluma alilikagua daftari hilo akauliza kwa nini wanafunzi wangu wote wamepata C. Baada ya wiki kadhaa jibu lilikuwa wazi: chai ya moto ya saa nne, pilipili ya mchana, na vikao katika chumba kilichofungwa madirisha. Estrojeni inapopungua, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili hushtuka upesi, hivyo ongezeko dogo la joto hutosha kuufanya mwili utanue mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Sasa chai naiacha ipoe, pilipili naitazama kwa mbali, na ulanzi, ile pombe ya mianzi ya harusini, nawaachia wenye nafasi.

Kuhusu usiku, najisifu bila haya. Blanketi zito nilimwachia mume wangu lote, mimi nikajifunika vitenge vitatu vyepesi vilivyopandana, nikawa nachomoa kimoja kimoja joto linapopanda na kukirudisha linaposhuka, bila kumfunua mtu anayetetemeka. Ndoa yetu ilipata amani ambayo vikao vya wazee visingeileta.

Daktari ndiye aliyenigutusha kuhusu mifupa, kwa sababu joto humsumbua kila mtu hadharani ilhali mifupa hupungua kimyakimya. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa humpa kama 300. Nikaongeza maziwa mgando, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa na mifupa yao, na sukuma wiki. Mchicha nao una kalsiamu, lakini mwili huambulia kidogo tu. Jioni napanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambapo husemwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akitafakari. Mimi sitafakari, nahema. Nyumbani naketi na kusimama kitini nikiwa na dumu la lita tano kila mkono, kwani kutembea peke yake hakuimarishi mikono wala mgongo. Sitadai kwamba mazoezi yalizima joto, lakini yalinirudishia usingizi na sketi zangu za zamani.

Wapo ambao joto huwazidi hata wakifanya haya yote, na wakizungumza na daktari kuhusu dawa za homoni asiwepo wa kuwaita wavivu. Tena, ukomo huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, na damu yoyote inayotokea baada ya hapo ni ya kupelekwa hospitali upesi. Mwenzetu mmoja aliiona akashangilia kwamba ujana umerudi. Tulimpeleka kwa daktari wa wanawake wiki hiyohiyo, yeye akinung'unika njia nzima.