Mwaka bila sato: nilivyojiandaa kuomba naam Beas

Mtu wa Mwanza kuacha samaki ni habari ya kuitishiwa kikao cha ukoo. Mimi niliacha nikiwa mwanafunzi Jalandhar, Punjab, kwa sababu Radha Soami Satsang Beas, jumuiya ya kiroho ya huko India, hawakupi naam mpaka uwe umekaa angalau mwaka mzima bila nyama, samaki, mayai, pombe wala tumbaku. Kupewa naam ni kufundishwa kutafakari kwa njia yao. Unakusanya mawazo nyuma ya macho kwa kurudia maneno matano kimoyomoyo, kisha unasikiliza Shabd, sauti ya ndani, ambayo wanaamini ndiyo nguvu ya Mungu iliyoumba vyote na ndiyo inayoirudisha roho kwa Mungu. Kuua kiumbe, wanasema, kunaongeza deni la karma, yaani malipo ya matendo yako, na mwenye deni hatulii.

Mafundisho haya yalianzia Agra, ambako Shiv Dayal Singh alianza kufundisha hadharani mwaka 1861. Mwanafunzi wake Jaimal Singh, baada ya kustaafu jeshi, alikwenda kukaa kando ya mto Beas mwaka 1891, na pale alipokaa leo pana mji mzima unaoitwa Dera. Kutoka Jalandhar unapanda treni ya Amritsar, unashuka Beas. Simu na kamera haziingii ndani. Unakaa chini kati ya maelfu ya watu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, mnasikiliza mashairi ya watakatifu wa kale wa India, akina Kabir na Guru Nanak, yakifafanuliwa, halafu mnakula langar, chakula cha jiko la pamoja, bila kulipa.

Kwa chakula, Punjab haikunisumbua. India kila pakiti ya chakula kisicho na nyama wala mayai ina kitone cha kijani ndani ya mraba, kwa hiyo hata maandishi husomi. Keki zisizo na mayai zipo kwenye maduka ya mikate. Maziwa, mtindi na samli vinaruhusiwa. Rajma na wali, kwangu, ni wali maharage tu wenye pilipili nyingi.

Kasheshe ilikuwa likizo nyumbani. Mama alipika sato wa nazi, akachota mchuzi, akamtoa samaki pembeni, akaniwekea sahani mbele. "Kula baba, samaki nimeshamtoa." Ukimwambia mchuzi nao ni samaki, anaona unamdharau. Dawa yake niliipata jikoni: nikawa naamka mapema, napika mwenyewe kisamvu cha karanga kingi cha nyumba nzima. Wakila na kusifia, hakuna wa kukuuliza kwa nini hukugusa kitoweo. Mtaani nilijifunza kuuliza maswali ya kero. Andazi lina yai? Mafuta haya ya chipsi mmekaangia kuku? Muuza chipsi mmoja aliniangalia kama afisa afya. Na vile viungo vya mchuzi vya pakiti, soma nyuma, vingine vina nyama.

Kwenye send-off ya binamu yangu baba mdogo alinivuta pembeni kuhusu ile soda mkononi. "Mwanangu, umebadili dini?" Nilimwambia, baba mdogo, Jumapili nimekuona kanisani, na wewe uliniona. Kule Beas hakuna aliyeniuliza dini yangu, wala hawamtaki mtu aache ya kwake. Wamo Masingasinga wenye vilemba, Wahindu, Wakristo. Alicheka, akasema basi bia yangu ataninywea yeye.

Naam nilipewa baadaye. Yale maneno matano hayatajwi nje, kwa hiyo usinitumie ujumbe kuyaomba. Wengi huniuliza kama nimeshasikia kengele na baragumu, maana mafundisho yanazitaja kuwa sauti za hatua ya kwanza. Hilo nalo tunashauriwa tusisimulie. Ninachoweza kusimulia ni magoti. Unatakiwa kukaa saa mbili na nusu kila siku, kama sehemu ya kumi ya siku nzima, na mimi nikikunja miguu muda mrefu inakufa ganzi. Mzee mmoja anayejitolea pale langar aliniambia hakuna mkao wa lazima, kikubwa usisinzie. Siku hizi nakaa kwenye kiti cha plastiki, alfajiri, kabla majirani hawajawasha redio.