Mikwaruzo kwenye saa ya stenlesi: tazama mistari kwanza

Kabla ya kununua hata msasa, ishike saa juani uigeuzegeuze. Sehemu inayoakisi uso wako imeng'arishwa. Yenye mistari myembamba inayoelekea upande mmoja imepigwa brashi. Saa nyingi zina vyote viwili, na hapo ndipo watu huharibu: wanapaka Brasso (dawa ya kung'arishia chuma) kote, mistari ya kiwandani inafutika, linabaki doa linalong'aa ambalo ni baya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Kisha pitisha ukucha. Ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina, bora uuache. Mkwaruzo haujazwi, ila chuma cha pembeni ndicho kinacholiwa mpaka kifikie chini yake, na kingo za saa huishia kuviringika kama kipande cha sabuni. Saa ya rangi ya dhahabu au nyeusi usiiguse kabisa, ile rangi ni utando mwembamba tu.

Kwetu Tanga kuna kazi ya ziada: mchanga. Aliyevaa saa ufukweni Raskazone anarudi na chembe ndani ya pingili za mkanda, na mchanga mgumu huikwaruza stenlesi. Ukisugua kabla ya kuosha unaongeza mikwaruzo. Toa mkanda, mikono na saa vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, maana pini zinazoushika mkanda zina springi na zikiruka huzioni tena. Loweka mkanda peke yake kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo dakika 15, kisha mswaki laini. Saa yenyewe ifute kwa kitambaa chenye unyevu. Kuandikwa mita 30, yaani kiwango cha kuzuia maji, si ruhusa ya kuizamisha.

Sehemu za mistari zinataka dodoki la kijani la kusugulia vyombo. Ziba sehemu zinazong'aa kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi (Ngamiani utaipata kwenye maduka ya vifaa), kisha vuta dodoki kufuata mistari, mkono mmoja mrefu, bila kurudisha nyuma. Mara 5 au 6, tazama, rudia. Stilwaya ya kawaida usitumie: huacha chembe za chuma kinachoshika kutu, na kwa hewa hii ya chumvi madoa ya kahawia yatatokea, watu waseme saa ni feki.

Sehemu zinazong'aa, kama ni mikwaruzo ya juujuu, Brasso yatosha. Tone dogo kwenye kipande cha fulana ya pamba, sugua dakika 2 au 3. Kitambaa kuwa cheusi ni kawaida. Iliyozidi hapo, ila ukucha haunasi, inahitaji msasa wa maji uliozungushwa kwenye kibao bapa: namba 1000, 1500, 2000, ndipo Brasso. Kila namba geuza mwelekeo nyuzi 90, ili uone kama mistari ya namba iliyotangulia imekwisha. Ukiruka kutoka 1000 kwenda Brasso utabaki na ukungu usiotoka hata usugue mpaka Magharibi.

Kioo cha plastiki hukubali Brasso au dawa ya meno. Kioo cha kawaida na cha yakuti havitikisiki, usipoteze muda.

Ukirudisha mkanda, uvute pande zote mbili kabla ya kuvaa. Pini isiyoingia sawasawa kwenye tundu lake huachia ukiwa njiani.