Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa inanichoma bila kazi yoyote, nilivyoitoa wati 104 mpaka 49

Mwenzenu nimehangaika na hii kitu kama miezi miwili. Kompyuta ya mezani imewashwa, haifanyi chochote cha maana, sijafungua gemu wala sieditishi video, ni brauza yenye kurasa mbili tatu na mziki kwa mbali, lakini ukipeleka mkono nyuma ya kesi ni kama umesimama nyuma ya friji. Chumba chenyewe kidogo, nikifunga mlango saa moja tu ikipita natafuta pa kupumulia.

Kosa langu la kwanza nilidhani ni tatizo la kupoza. Nikafungua kesi nikapuliza vumbi (lilikuwa limeganda kwenye feni kama pamba, aibu), nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa (ile chipu kuu ya kompyuta), nikafunga hitisinki kubwa, yaani chuma cha kutawanya joto, na feni mbili za nyongeza. Prosesa ikashuka toka digrii 52 mpaka 38 nikajiona fundi kweli kweli. Chumba je? Kilekile. Hapo ndo nikakaa nikafikiria vizuri, feni haiui joto, inalihamisha tu, inalitoa kwenye chipu inalimwaga chumbani, na kila wati inayoingia kupitia ukutani inaishia kuwa joto hata ufunge feni ishirini. Ile namba ya digrii inakwambia chipu inajisikiaje, haikwambii chochote kuhusu wewe uliyekaa pembeni yake.

Kwahiyo nikaachana na digrii nikatafuta kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi alafu unachomeka kompyuta juu yake. Monita nilizichomeka sehemu nyingine ili nipime kesi peke yake. Namba ikatoka: 104. Yaani wati 104 za kukaa tu! Na angalieni, usisome mita dakika ileile umewasha, mashine ikishawaka bado inahangaika na apdeti na vitu vyake vya nyuma, subiri kama dakika kumi itulie. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mimi siku ya kwanza nilibadilisha vinne kwa pamoja nikabaki sijui kipi ndo kimesaidia, nikarudisha vyote nikaanza upya.

Cha kwanza kilikuwa rahisi. Windows nilikuwa nimeiweka kwenye ule mpango wa umeme wa utendaji wa juu, ambao haumruhusu prosesa kupunguza spidi hata akiwa hana kazi. Nikaurudisha kwenye ule wa wastani, ikawa 97.

Alafu nikaingia bayosi, ile mipangilio ya ndani unayoifungua kabla Windows haijawaka. Sasa hapa ni ujinga wangu mwenyewe. Prosesa akikosa kazi huwa analala kwa hatua, kuna usingizi mwepesi na kuna usingizi mzito ambao sehemu za ndani zinakatiwa umeme kabisa, kwenye bayosi utaona zimeandikwa C-states. Mimi nilizizima zamani sana kwa sababu kuna mtu alisema gemu zinakuwa laini zaidi ukizima, nikazima, tofauti sikuiona, na sikurudisha. Prosesa wangu mda wote huo amekaa macho kama mlinzi aliyekunywa kahawa. Nimeziwasha, mita ikasoma 82. Wati 15 zimeondoka kwa kubonyeza kitu kimoja ambacho nilikiharibu mwenyewe.

Lakini lililoniacha mdomo wazi ni la monita. Nina mbili, moja ya Hz 144 (yaani inachora picha mara 144 kwa sekunde) na nyingine ya zamani ya Hz 60. Nikawa naangalia kadi ya grafiki, matumizi yake asilimia 1, ila spidi ya memori yake iko juu kabisa kama vile kuna gemu linaendelea. Haishuki. Nikaishusha ile monita kubwa mpaka Hz 120, nikainama chini ya meza kuangalia mita, 82, 80, alafu pwaa, 61. Nikarudisha 144, ikapanda 82. Nikashusha, 61. Nimefanya hivo kama mara sita nacheka peke yangu chini ya meza kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Sababu yake ni kwamba kadi ili ibadilishe spidi ya memori inahitaji kale kamwanya kadogo kati ya picha moja na inayofuata, pale ambapo skrini haichorwi, vinginevyo utaona skrini ikichezacheza. Sasa ukiwa na monita mbili zenye mapigo tofauti vimwanya vyao havikutani, kadi inaona bora ibaki juu tu mda wote. 120 ni 60 mara mbili ndo maana kwangu ilikubali. Kwako inaweza kuwa namba nyingine au isiwe tatizo kabisa, inategemea kadi na draiva (programu inayoiendesha kadi), wengine ni kuapdeti draiva tu yanaisha. Jaribu huku unaangalia mita, usibahatishe. Na mandhari inayocheza cheza kwenye desktopu nayo toa, inaizuia kadi kupumzika kwa sababu ya samaki wa kuogelea.

Kilichofuata ni programu za taa za rangi pamoja na ile programu niliyoiweka ili inionyeshe joto. Hii ndo ilinichekesha, inauliza kila sensa kila sekunde, kwahiyo prosesa kila akitaka kusinzia anagongewa mlango. Yaani askari niliyemweka kuangalia mwizi ndo alikuwa anaamsha mtaa mzima. Nikazitoa zote mbili zisijiwashe zenyewe, 57.

Hadidiski ya zamani ya inchi 3.5 nilijaribu kwanza kuiambia ilale baada ya dakika 20 lakini kila mara kuna kitu kinaiamsha, unasikia krrr, nikachoka nikaichomoa nikaiweka kwenye kiboksi cha USB, naichomeka nikiihitaji. 52. Mkanda wa taa na zile feni mbili nilizoongeza kwa mbwembwe nikazitoa, 49, na prosesa amepanda digrii tatu tu.

Sio kila kitu kilifanikiwa. Kupunguza volti za prosesa nilijaribu, nikakuta ikiwa imekaa bure haipunguzi hata wati moja kwangu, faida yake iko kwenye kazi nzito. Na ajabu mashine ilikuwa haizimiki kwenye gemu, inazimika ikiwa imekaa tu, kwa sababu pale ndo volti zinakuwa chini kabisa na wewe umezikata tena. Imenizimikia mara mbili nikiwa naandika, nikarudisha kama ilivokuwa. Pawa saplai yangu nayo ni ya wati 850, kwa mzigo wa wati 49 hiyo haifiki hata asilimia 6, na pawa saplai zikiwa na mzigo mdogo hivo zinapoteza umeme zaidi kuliko zikiwa na mzigo wa nusu. Ile alama ya 80 Plus, inayoonyesha pawa saplai haipotezi umeme mwingi, nayo kwa ngazi nyingi inapimwa kuanzia asilimia 20 ya mzigo, huku chini haikuahidi kitu. Ila kuitupa nzima kwa ajili ya wati chache sioni sababu, ikifa ntachukua ndogo.

Kwa hesabu, nimeokoa wati 55. Inakaa imewashwa kama saa 10 kwa siku, kwahiyo ni kama uniti 200 kwa mwaka, na joto lote hilo haliingii tena chumbani.

Kilichobaki ni kulala. Ikilala inavuta wati 3 tu, lakini ilikuwa inaamka yenyewe usiku wa manane, naona chumba kimeng'aa nashtuka. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandika komandi nikaandika powercfg /lastwake, ikanitajia kadi ya mtandao. Nikaenda kwenye divaisi meneja nikaitolea tiki ya kuruhusiwa kuamsha kompyuta. Na kama yako haitaki kulala kabisa andika powercfg /requests ukiwa adimini, itakuonyesha nani anaizuia, mimi siku moja nilikuta ni kurasa moja ya brauza yenye video niliyoisimamisha nikaisahau.

Sasa hivi feni zinazunguka polepole mpaka nasikia monita ile ya zamani inavyolia kama mbu, kelele ambayo miaka yote sikujua kama ipo. Hiyo bado sijaipatia dawa.