Futi 49

Barabara ya kutoka Fargo hadi Grand Forks, North Dakota, Marekani, imenyooka kama uzi. Nchi yenyewe ni bapa. Zamani palikuwa chini ya ziwa lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu. Mto Red hutiririka kwenda kaskazini, na balaa linaanzia hapo: theluji ya kusini huyeyuka mapema, maji yakifika mbele yanakuta mto bado umeganda.

Daftarini nilikuwa na swali moja tu: kwa nini watu walioonywa wiki nyingi kabla walinaswa na mafuriko ya Aprili 1997 mjini Grand Forks?

Nilianzia kando ya mto, penye mnara wa alama za mafuriko. Niliinua shingo kuitafuta alama ya 1997, nikazidi kuiinua. Futi 54 na ushee! Watabiri walikuwa wametaja 49, nao wakazi wakapandisha matuta kwa mifuko ya mchanga hadi kama futi 52. Mtu akipiga hesabu hiyo ataona wamejiwekea akiba ya kutosha. Nilipofungua daftari langu kutazama mafuriko ya mwaka 1979, nikakuta futi 48.8. Nilikaa pale muda mrefu. Kumbe 49 haikuwa namba ngeni masikioni mwao; ilikuwa mafuriko waliyokwisha kuyaona kwa macho yao.

Mama mmoja mzee alikubali tutembee pamoja. Nilimuuliza kama alikuwa amekata bima ya mafuriko.

"Ya nini? Maji ya 49 yasingefika mlangoni kwangu."

Nikamuuliza, je, angeambiwa kwamba huenda yakawa 45, huenda 54?

Alisimama. "Ningebeba picha za wanangu."

Jibu hilo liliniuma. Utabiri wowote wa mto una upana wake wa makosa, lakini mjini ilisikika namba moja, na ikachukuliwa kama dari. Huyu mama hakupuuza onyo. Aliliamini neno kwa neno, akaamua sawasawa na alichoambiwa. Nilikuwa nimekuja kuuchunguza ukaidi wa watu, na hapakuwa na ukaidi.

Tulifika Lincoln Drive. Ulikuwa mtaa wa nyumba, leo ni bustani ya wazi upande wa mto, nje ya tuta jipya. Mama alihesabu hatua kwenye nyasi, akageuka kushoto, akasimama.

"Jiko lilikuwa hapa," alisema.