Niliogopa kuku wasife

Wengi wanaotuambia "thubutu, usiogope" hela inayopotea sio yao. Ukianza biashara kwa hela yako mwenyewe, ile ya mshahara uliyokuwa unaificha kidogo kidogo kwenye laini ya pili ili usiione, uoga ni haki yako kabisa wala hauhitaji semina.

Mi nafuga kuku wa nyama, niko Chanika, banda liko nyuma ya nyumba. Kabla sijaanza nilikaa na ile hela muda mrefu naiangalia tu. Hesabu nilikuwa nazo, hizi zinazozunguka kwenye magrupu ya wasap, kuku 100 mara 7,000 hiyo ni laki saba kwa wiki tano, mwaka ukiisha unanunua kiwanja. Kwenye karatasi kuku haumwi, hali chakula, wala umeme haukatiki usiku wa manane vifaranga wakiwa bado wadogo.

Kilichonisaidia ni kujiuliza naogopa nini hasa. Jibu la haraka lilikuwa kuku kufa. Sawa, ila hilo lina utaratibu wake, chanjo ya ugonjwa wa kideri siku ya 7, ya ugonjwa wa gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na chanjo unaiweka kwenye maji yasiyo na dawa maana klorini ya maji ya bomba inaiua, halafu joto la kutosha wiki za mwanzo na maranda ya chini bandani yawe makavu. Wachache watakufa hata ufanyeje. Ukishaandika hizo tarehe kwenye kalenda ya ukutani unakuta ni kazi tu kama kazi zingine.

Nikaja kugundua kinachonitisha kweli ni kuku kuwa hai. Yaani wiki ya sita imefika, wamenona, mnunuzi hayupo! Kuku wa nyama akipitiliza muda wake anakula kuliko anavyoongezeka, na chakula ndo kama asilimia 70 ya gharama zote, kuku 100 mpaka unawauza wanamaliza mifuko sita hadi nane ya kilo 50. Dalali analijua hilo vizuri sana, akisikia tu sauti yako kwenye simu anajua umebanwa, bei anapanga yeye.

Kwahiyo nikaanza na wanunuzi, hata kifaranga mmoja sina. Nikazunguka kwa wauza chipsi, mama ntilie, mwenye baa pale stendi, aibu tupu maana unauza kitu ambacho hakipo, wengine wakanicheka usoni, ila nikapata wa kuniambia niletee kumi, mwingine ishirini kila Ijumaa.

Kuna jamaa alinishauri nichukue hii mikopo ya kausha damu nianze na kuku 500 kabisa. Sasa we fikiria, marejesho ni kila wiki na yanaanza wiki inayofuata, kuku anatoa hela wiki ya tano, hapo katikati unarejesha na nini? Utaishia kuuza kuku hawajakomaa kwa bei ya kutupa. Hela yangu ni ndogo lakini hakuna mtu anayekuja kunigongea geti na daftari mkononi.

Kilichobaki kunitisha kilikuwa watu, na hapa nadhani ndo penyewe. Ofisini wangesema mwenzetu alitaka utajiri wa haraka, ukweni wangesema nimechezea ada za watoto. Nikatenga kiasi ambacho kikiisha chote kodi imelipwa na watoto wanaenda shule, nikamtajia mke wangu ile namba kamili bila kuipunguza. Akaniuliza kitu kimoja tu, "zikiisha utakopa?" Nikamwambia hapana. Akasema basi kanunue vifaranga.

Mpaka leo boksi la vifaranga likifika tumbo linanikata, msije mkadhani imeisha. Na kazi sijaacha, hizo stori za acha kazi ufuate ndoto mniache nazo kabisa. Kila nikiuza, kwanza natoa hela ya kuanza upya endapo mzigo unaofuata utaharibika wote, naiweka pembeni, ndo faida inaanza kuhesabiwa. Hiyo akiba ikitosha ndo nitaongeza banda, kwa sasa naenda na mia mia, japo mwenye baa ameshaanza kununa eti kuku wangu wachache.