Kikokotoo kilivyoziua figo za mzee aliyekuwa anakunywa uji

Ukimtajia mtumishi wa umma hapa Tanzania neno kikokotoo, anajua unaongelea mafao yake ya kustaafu, na damu inamchemka. Yangu inachemka kwa vikokotoo vingine, hivi vya madaktari vya kwenye simu. Hasa kwa ushauri niliopewa wiki ya kwanza ya intaniship: “Usijisumbue na fomula. Pakua programu, ingiza namba, umemaliza.” Aliyenishauri alinitangulia mwaka mmoja tu, lakini alivaa stetoskopu shingoni kama nishani. Nikaamini.

Tulikuwa hospitali ya wilaya, mtandao unashika ukisimama dirisha la stoo. Saa tano usiku akaletwa mzee wa miaka 68, ana homa, mkojo unamuunguza. Nikataka kumwanzishia gentamisini, antibayotiki inayoweza kuumiza figo, ambayo usipojua hali ya figo ni kucheza pata potea. Maabara wakaleta jibu la kreatinini, taka ya kwenye damu inayopanda figo zikichoka: 168. Nikaenda dirishani, nikafungua kikokotoo cha Cockcroft na Gault, kinachokadiria figo zinachuja kiasi gani kwa dakika, nikaweka umri 68, kilo 54, kreatinini 168.

Ikaja 0.3.

Mililita 0.3 kwa dakika. Mtu mzima mwenye afya anakaribia 100. Mikono ilinitetemeka. Nikaandika rufaa, nikamwambia kijana wake atafute hela ya mafuta ya ambulensi. Akaanza kupiga simu: mjomba akaamshwa, shemeji akaahidi laki. Nami nikampigia bosi wangu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Sista wa zamu, mama wa makamo, alikuwa ananitazama tu. “Daktari mwanangu, huyu mwenye figo zilizokufa si ndiye kajaza kopo la mkojo mara mbili?” Nikageuka. Mzee kakaa kitandani, anapuliza uji.

Bosi upande wa pili hakupandisha sauti. “168 ya nini? Machungwa?” Nikasema kreatinini. “Kreatinini ya nini?” Ndipo nikaona kimaandishi kidogo pembeni ya kisanduku: mg/dL, yaani miligramu kwa desilita. Maabara yetu ilikuwa inatoa kwa mikromoli kwa lita, na karatasi ya majibu ilikuwa na namba tupu, haina yuniti. 168 ukigawa kwa 88.4 ni 1.9. Figo za mzee zilikuwa 28. Si nzuri, gentamisini tuliiweka kando tukampa seftriaksoni, lakini si za kuamshia ukoo mzima. Hela ya shemeji sikuuliza iliishia wapi.

Siku mbili wodi nzima ilikuwa inaniita Daktari Machungwa. Kwa aibu nikachukua kalamu na kaunta buku, nikaichambua ile fomula mwenyewe. Imetoka 1976, Kanada, na wagonjwa waliotumika karibu wote walikuwa wanaume, ndiyo maana mwanamke unamzidishia 0.85 mwishoni. Unafanya 140 toa umri, unazidisha kwa kilo, unagawa kwa 72 mara kreatinini ya mg/dL. Sasa angalia: 140 toa 68 ni ngapi? 72! Ya juu na ya chini zinafutana. Yaani mwanaume wa miaka 68 hahitaji simu wala bando, ni kilo zake ugawe kwa kreatinini, basi. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Tangu hapo nina mgonjwa wangu wa kubuni, Mzee Sitini: mwanaume, miaka 68, kilo 60, kreatinini 1. Kila programu mpya naanza naye. Ikija 60, tunaendelea. Ikija elfu tano na kitu, ujue kisanduku kiko kwenye mikromoli. Kilo zipime lakini. Zile 54 nilizipata kwa mzani tulioazima kliniki ya wajawazito. Kwa macho nilikuwa nimeshaandika 70.

Vingine vinakosea kwa kukaa kimya. Aliletwa jamaa kaungua na petroli, kilo 70, asilimia 20 ya mwili. Parkland, fomula ya maji ya dripu kwa aliyeungua, ni 4 mara kilo mara asilimia: mililita 5600 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Simu ikanipa 350 kwa saa. Haikuniuliza kaungua saa ngapi! Zile saa 8 zinahesabiwa tangu moto ulipomshika, naye alikuwa ameshatumia tatu kwenye bodaboda. Zimebaki tano, kwa hiyo ni 560, na jicho kwenye mkojo. Na skoa ya Glasgow, ile ya kupima fahamu, msinipigie simu mkaniambia “tatu” tu, chini ya tatu haiendi. Hata benchi la mapokezi lina tatu.

Kwenye kava la kaunta buku nimebandika 88.4 na 1.23 kwa wanaume, 1.04 kwa wanawake, za kuzidishia badala ya zile 72 na 0.85 kama kreatinini iko kwenye mikromoli. Lamineshen stesheneri ilinigharimu buku na chenji.

Juzi bosi kaja na simu mpya, anajisifia programu aliyopakua. Nikamwomba, nikamweka Mzee Sitini. Ikaja 51. Nikamrudishia simu taratibu. “Bosi, mzee wangu umemgeuza mwanamke.”